Ubao wa Mwisho

Asumini zilikuwa zimemwagwa juu ya mfarishi, na hapo ndipo moyo wa Shaima ulipomdunda. Bibi yake, Bi Mwanamina, hakuwa mtu wa kumwaga asumini ovyo. Alizichuma kwa mambo mawili tu, harusi na ushindi, na nyumbani kwao Mambrui siku hiyo hapakuwa na harusi.

"Karibu, mwanangu. Hawajambo Malindi? Sumeiya na kichanga chake hawajambo?"

"Hawajambo, bibi. Wanakusalimu sana." Shaima aliubusu mkono wa bibi yake, lakini macho yalikuwa yameshatangulia kitandani. "Hizi asumini ni za nini?"

"Funua uone." Bi Mwanamina alikuwa amekaa karibu na cherehani, miwani puani, subana bado kidoleni. Alikuwa na raha ya mtu aliyepika pilau ikamkubali. "Nimekurekebishia."

Shaima alikuwa Malindi siku tatu tu, kumsaidia binamu yake aliyejifungua. Siku tatu! Akaushika mfarishi kwa ncha mbili, akaukunjua, na maua yakaporomoka sakafuni.

Kwa miezi minne alikuwa akishona juu ya tandiko hilo la viraka picha ya daraja la mbao la Dabaso, lile linalopita katikati ya mikoko mpaka kwenye hori ya Mida. Mbao zilikuwa ishirini na nne, za vipande vya madera ya hudhurungi. Ule wa kwanza, kwenye pindo la chini, aliukata mrefu kama mkono wake. Wa pili akaupunguza kidogo. Wa tatu, kidogo tena. Akaendelea kupunguza mpaka ule wa ishirini na nne, kule juu, ukawa hauzidi ukucha wa kidole gumba. Miti ya karibu aliishona kwa vitambaa vya maua makubwa na rangi nzito. Ya mbali akaigeuzia kitambaa upande wa ndani, ule uliopauka, na bandi zake akazipiga ndogo ndogo hadi macho yakamuuma.

Kisha alasiri moja, mlango ameutia komeo, aliutundika ukutani akarudi nyuma hatua saba. Akajishika mdomo. Ukuta ulikuwa umeondoka! Pale palipokuwa na chokaa na msumari wa kalenda palikuwa na njia, inaingia ndani, na ndani zaidi, mpaka mahali ambapo hewa yenyewe ilikuwa na umbali. Shaima alijua fika kwamba ni pamba na uzi, maana vidole vyake vilikuwa bado na matundu ya sindano. Hata hivyo aliinua mguu apite. Mguu uko hewani ndipo akaukumbuka ukuta. Akacheka peke yake, kisha akalia kidogo, kwa kuwa hakujua kuwa mikono yake inaweza jambo kama lile.

Sasa mbao zote ishirini na nne zilikuwa sawa. Zilipanda kutoka pindo la chini hadi la juu kama ngazi ya fundi wa rangi. Miti ya mbali ilikuwa imegeuzwa, maua yake yanang'aa, nayo imesogea mbele kupigana vikumbo na ile ya karibu. Njia haikwenda popote tena.

"Ulikuwa umeanza vizuri," Bi Mwanamina alisema, "halafu ukawa unakipunja kitambaa kidogo kidogo. Ule ubao wa mwisho, astaghfirullah, kifungo cha kanzu ni kikubwa kuliko ule! Nikasema, mtoto amechoka. Na miti ya juu, mwanangu, uliishona nje ndani. Nimeifumua yote. Nimeshinda hapa siku tatu, sikuenda hata kwa jirani."

Shaima alitaka kupiga kelele. Lakini utampigia nani kelele? Mtu aliyekulea tangu una miaka minne, amekaa siku tatu na mgongo wake mbovu, na kila bandi aliyopiga ameipiga kwa mapenzi?

"Ahsante, bibi," akasema. "Basi umeupitisha?"

"Nitaupitishaje? Hiyo kazi ni yangu sasa. Wewe utaanza mwingine, taratibu. Mwaka si mwingi."

Akainama kuokota asumini, na katika kuinama huko Shaima aliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa kwamba safari aliyoiogopa imefutwa.

Katika nyumba ile binti hakuozwa mpaka mfarishi wake upitishwe. Ndivyo ilivyokuwa kwa Bi Mwanamina na kwa mama yake. Mfarishi ulitandazwa kitandani, mkubwa wa nyumba akaupitia kwa vidole, kipande kwa kipande, ukingo kwa ukingo, na kipande kilichopunguka kilimrudisha binti kwenye cherehani. Babake Shaima, aliyekuwa Maskati na mke mwingine na watoto wengine, alikuwa amesema kwa simu, "Akiridhika mama mkwe, nami nimeridhika." Kwa hiyo neno lilibaki kwa bibi, na bibi alimwambia Ngowa, kijana aliyekuja kumposa Shaima, waziwazi, "Mfarishi ukipita, nitakujibu." Ngowa angekuja kesho, Ijumaa, kusikiliza jibu lake.

Usidhani bibi alimchukia Ngowa. Hakupata la kumshika. Alikuwa Mgiriama wa Dabaso, Mwislamu tangu babu yake, fundi wa lile daraja na mtembezaji wa wageni mikokoni, mpole, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Ila kila akitajwa bibi alisema neno moja.

"Dabaso ni mbali."

"Bibi, ni saa moja na nusu tu, hata foleni ya Malindi ikiwa mbaya."

"Mamako naye aliniambia Maskati ni saa chache tu kwa ndege."

Hapo mazungumzo yalikwisha siku zote, kwani mamake Shaima alikwenda Maskati kumfuata mumewe, akaahidi kurudi kumchukua mtoto, na miaka mitatu baadaye akazikwa kule kule.

*

Alipomwona Ngowa mara ya kwanza, Shaima alimchukia kwa muda wa dakika nne. Alikuwa amekwenda darajani na wanawake wenzake wa kikundi cha ushonaji, akamkuta kijana amechuchumaa mwanzo wa daraja, amefumba jicho moja, anamtazama.

"Huna adabu," Shaima alimwambia. "Wakonyeza watoto wa watu mchana kweupe?"

Ngowa aliruka wima. "Wallahi, dada, sikukonyezi! Naangalia mbao kama zimenyooka. Ukifumba jicho moja, daraja halikudanganyi." Akasogea kando, masikio yanamuwaka. "Jaribu mwenyewe."

Alijaribu. Akaziona mbao zikikimbia, zinasongana, zinapungua, zinakutana kule mwisho mahali padogo kuliko tundu la sindano. Akakaa vile hadi wenzake wakachoka kumwita. Alipofumbua jicho la pili alimkuta yule kijana amekaa kimya kando yake, anamtazama yeye na si daraja, na safari hiyo macho yake yote mawili yalikuwa wazi.

Tangu siku hiyo kila jioni simu iliita. "Ngowa, miti ya mbali asubuhi ni kijani au buluu?" "Buluu, halafu kama maziwa kidogo." "Na ile ya karibu?" "Nyeusi karibu. Shaima, umekula?" Mapenzi mengine huanza kwa mashairi. Yao yalianza kwa rangi za mikoko.

*

Ijumaa, baada ya swala, Ngowa alibisha hodi, kanzu nyeupe, kofia mkononi kwa woga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, kijana. Karibu ndani. Hawajambo wazee?"

"Hawajambo. Wanakusalimu."

Shaima alileta kahawa na kaimati. Macho yao yalikutana juu ya sinia mara moja tu, lakini Ngowa akajua kuna msiba. Bi Mwanamina hakuzungusha maneno. Aliutandaza mfarishi mkekani.

"Tazama. Mjukuu wangu alizikosea mbao. Nimemnyooshea. Basi utaona mwenyewe kwamba bado mtoto, na mtoto haozwi. Tungoje mwaka."

Ngowa alipiga magoti akautazama. Akapitisha kidole juu ya mbao, chini hadi juu. Shaima akajiambia moyoni: Sasa atasema, sasa atanitetea.

"Mbao hizi ni sawa kabisa, bibi," Ngowa alisema. "Hivi ndivyo nilivyozikata. Zote kipimo kimoja."

"Umesikia?" Bi Mwanamina alimgeukia mjukuu wake. "Fundi mwenyewe amesema."

Shaima alisimama akatoka uani. Huko nyuma Ngowa aliomba ruhusa ya kunawa mikono, akamkuta kwenye mtungi, ameupa ukuta uso.

"Miezi minne, Ngowa. Umeniuza kwa neno moja."

"Nimesema kweli."

"Kweli ya nani?"

"Ya msumeno. Yako ni kweli ya jicho, nami naijua, nilikuwapo ulipoiona. Lakini bibi yako haamini macho, anaamini vidole. Utamwambia nini kwa mdomo akakuelewa?"

"Kwa hiyo tungoje mwaka? Na mwaka huo ukiisha apate kosa jingine? Hukuuona uso wake jana. Alifurahi, Ngowa. Kosa langu lilimfurahisha."

"Hakufurahi. Aliogopa, na hofu ikampungukia." Alitaka kumgusa bega, akakumbuka yuko kwa watu, mkono ukarudi mfukoni. "Niache nijaribu jambo moja. Likishindikana, nitangoja mwaka. Na mwingine. Mimi siendi popote."

Alisema vile bila kupamba, kama mtu anayetaja saa. Shaima alijipangusa kwa ncha ya leso. Hasira yake ilikuwa bado ipo, ila haikuwa na pa kukaa tena.

Ngowa alirudi ukumbini akachuchumaa mbele ya bibi.

"Bibi, nina ombi. Mwezi huu nimebadilisha mbao za daraja zilizooza. Watu hupita tu juu yake, hakuna anayenikagulia kazi. Njoo unikagulie, vile vile unavyokagua mfarishi. Ukikuta ubao mmoja umepunguka, sitaingia tena mlango huu."

Shaima alishtuka. Mambo gani haya ya kuwekeana dau?

Bi Mwanamina hakuwa amevuka Malindi kwenda kusini kwa miaka ishirini na miwili. Lakini kumwambia mshonaji kwamba kuna kazi inangoja kukaguliwa ni kumwita mwenye njaa mezani.

"Kesho asubuhi," akasema. "Na uzi nitakuja nao mwenyewe."

*

Maji yalikuwa yamekupwa walipofika Dabaso. Mikoko ilisimama juu ya mizizi yake kama wanawake waliopandisha leso kuvuka tope, na kaa wadogo wenye mkono mmoja mwekundu walitoweka mashimoni kila ubao ulipolia. Jua lilikuwa bado chini. Kule mwisho wa daraja, hewa ilikuwa nyeupe.

Bi Mwanamina hakutazama chochote. Alikaa kitako mwanzo wa daraja, akatoa kibiringo cha uzi kifuani, akaulaza uzi juu ya ubao wa kwanza, ncha hadi ncha, akaukata kwa meno. Ngowa alimpa kijiti chake cha kupimia, akakisukuma kando.

"Shubiri nne na vidole viwili," akasema. "Uzi huu ndio shahidi wangu."

"Vyema, bibi. Sasa simama, uunyooshe mbele ya uso, ufumbe jicho moja, unipimie ubao wa mwisho kutoka hapa."

"Kutoka hapa? Wapi umeona mtu akapima kitu asichokigusa?"

"Jaribu tu, bibi."

Alifanya kwa kumridhisha, mkono mbele, jicho moja limefumbwa, midomo imebanwa. Vidole vyake vilianza kutembea juu ya uzi kuutafuta urefu wa ule ubao. Vikatembea. Vikakaribiana. Vikakaribiana zaidi, mpaka baina ya kidole gumba na cha shahada ikabaki nafasi ya punje ya mchele. Akafumba jicho, akalifumbua, akapima upya. Punje ya mchele.

"Ngowa," akasema polepole. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Umenikatia nini kule?"

"Nenda ukaone."

"Shaima, wewe baki hapa hapa. Usisogee. Nataka nijue nimetoka wapi."

Akaenda. Daraja lilitikisika chini yake, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine umekamata uzi, Ngowa hatua mbili nyuma asije akateleza. Shaima alibaki amesimama. Mwanzo alitaka kucheka, maana bibi alikuwa akihesabu mbao kwa sauti kama mtoto wa madrasa. Kisha sauti ikafifia. Buibui la bibi likawa dogo kama mtungi. Likawa kama chupa. Mikoko ya pande mbili ilijongeleana, ikamfunika kwa buluu yake, na bibi akawa kama subana, subana nyeusi inayotembea.

Shaima alikuwa ameshona umbali miezi minne. Alijua namna unavyotengenezwa, kwa mkasi na pasi. Hakujua kwamba unauma. Alitaka kuita, "Bibi, rudi!" na katika kutaka huko akajikuta ana miaka minne, yuko kando ya barabara ya Mambrui, mkono wake umeminywa na mkono mkubwa, gari linakwenda, linakwenda, na yule mwenye mkono haondoki hata baada ya vumbi kutulia.

Kule mwisho, ile nukta ilichuchumaa. Ilikaa chini muda mrefu sana. Ikasimama, ikageuka. Kitu kiliinuliwa mbele ya uso wake, hakionekani kwa umbali, lakini Shaima alijua ni nini. Bibi alikuwa akimpima yeye.

Aliporudi, alirudi akikua. Chupa, mtungi, kisha buibui, kisha bibi, miwani imepanda kipajini na mashavu yamelowa. Nyuma yake Ngowa alitembea ameinamisha kichwa.

"Ni sawa," Bi Mwanamina alisema. Alihema. "Uzi umelala juu yake, haukubaki wala haukupungua. Nimepima mara tatu. Halafu nikageuka kuutazama huu wa hapa, huu niliouacha mzima, nao umekuwa uzi mtupu. Subhanallah! Miaka sabini na minne nina macho haya, Shaima. Nilikuwa nayafanyia nini?"

"Bibi, kaa kwanza."

"Sikai. Nilikupima na wewe." Alifungua kiganja, akamwonyesha mahali alipouminya ule uzi kwa kucha. "Hivi. Mjukuu wangu mzima, niliyemwogesha, hivi tu! Roho ikaniruka. Mamako alipoondoka nilisimama barabarani mpaka gari likawa hivi hivi. Tangu siku ile nikimfikiria humwona vile, mdogo, juu ya barabara. Simu ilipokuja kuniambia amekufa..." Sauti ikakatika, akaivuta upya. "Nililia kitu kidogo, mwanangu. Hata matanga yake niliyafanya ya kitu kidogo. Kumbe kule alikuwa mzima. Kule alikokwenda alikuwa mzima vile vile kama nilivyomzaa, amejaa, na mimi ndiye niliyesimama hapa nikampunguza."

Bi Mwanamina alimgeuza kwa mabega, akamwekea uzi nyuma ya shingo, bega hadi bega, kama alivyompima kila Idi tangu utotoni. Akaurudia.

"Hujapungua," akasema, kwa mshangao wa kweli kabisa, kama mtu aliyetarajia vingine. "Hata kidogo."

Walikumbatiana pale darajani wakalia bila haya. Ngowa aligeuka akachuchumaa, akaanza kukagua msumari ambao haukuwa na tatizo lolote.

Jibu lake hakulipata siku ile. Alipofungua mdomo akimsindikiza bibi garini, bibi alimkata.

"Nyamaza kwanza, Ngowa. Nina kazi ya kufumua."

*

Alizifumua zote ishirini na nne mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Shaima alikata, bibi akashona, na kila ubao ulipopunguzwa alilalamika.

"Moyo wangu unaniuma kukipunja kitambaa hivi."

"Punguza tena, bibi. Bado uko karibu."

"Tena? Haya. Mwalimu amesema."

Siku ya nne walifika kwenye miti ya mbali. Shaima aliigeuza upande uliopauka, akaitazama, akatikisa kichwa. Kilikosekana kitu, ule weupe wa hewa, yale maziwa aliyoyasema Ngowa kwa simu. Bi Mwanamina alitazama naye kwa jicho moja, kama alivyokuwa akitazama kila kitu wiki ile, hata sufuria. Kisha akaenda kwenye sanduku lake.

Alirudi na ukaya mweupe wa kujitanda kichwani, mwepesi hata mkono ulionekana kupitia ndani yake, unanukia udi wa zamani. Shaima aliujua. Ulikuwa wa mamake, alioacha msumarini siku aliyoondoka. Hakuruhusiwa kamwe kuushika.

"Bibi, usiukate."

"Nimeuficha miaka ishirini na miwili. Haukumrudisha." Mkasi ukapita. Akakitandaza kipande juu ya miti ya mbali na zile mbao ndogo za mwisho, akakishika kwa pini.

Ukungu ukaingia. Wote wawili wakashikana mikono. Kule juu ya kitambaa palikuwa na asubuhi, na hewa ya asubuhi, na nyuma ya hewa hiyo miti ambayo hakuna aliyeishona.

"Mashallah," bibi alinong'ona. "Kumbe mamako naye alikuwa na kazi humu."

Ijumaa ilipofika mfarishi haukutandazwa kitandani. Ulitundikwa ukumbini, upande wa mlango, na Ngowa alipoingia alisahau hata kuamkia. Alisimama. Akavua kofia. Akafumba jicho moja, na polepole, bila kujijua, akainua mguu wa kulia.

"Angalia usianguke ndani," Bi Mwanamina alimwambia.

Shaima alicheka hadi akalazimika kushika ukuta. Ngowa hakucheka. Alikuwa akitembea kwa macho, ubao kwa ubao, akaingia chini ya ukungu, akafika mwisho, na hapo akasita.

"Shaima, kuna mtu huku."

"Mtu gani? Sikushona mtu."

Akasogea. Kweli. Juu ya ubao wa mwisho, chini ya ukaya, palikuwa na kipande chekundu cha leso, si kikubwa kuliko punje ya mchele, kimepigwa bandi mbili tu. Ni mkono mmoja tu Mambrui nzima uliojua kupiga bandi ndogo namna ile.

"Bibi, huyu ni nani?"

"Ni wewe." Bi Mwanamina alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anavua subana kidoleni. "Uko Dabaso, kwa mumeo."

Kofia ilimponyoka Ngowa mkononi. "Bibi..."

"Mwambie babako aje Jumapili na wazee wake. Na wasichelewe, mimi silali mchana nikiwa na wageni."

Ngowa alimtazama Shaima, na Shaima akamtazama yeye, na ule mtazamo waliouiba miezi yote juu ya sinia na nyuma ya milango ukakaa wazi mbele ya mkubwa wa nyumba, hakuna wa kuukatiza. Lakini machozi yalikuwa yamemjaa Shaima, na hakuweza kukiacha kile kipande chekundu. Akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Mbona umenishona mdogo hivi, bibi?"

Bi Mwanamina aliinuka, akaja akasimama kando yake, akafumba jicho moja.

"Si mdogo huyo," akasema. "Yuko mbali tu."